Nyumba Niliyoipaka Mistari

Juzi nilishuka ufukweni kununua samaki, nikarudi mikono mitupu. Si kwamba samaki hawakuwepo. Vijana walikuwa wanaziba nyufa za boti moja ya mbao, gudroni, ile lami nyeusi, inachemka kwenye pipa lililokatwa nusu, na moshi wake ukanikuta pale nilipokuwa nachagua kambale. Nikasimama kama mjinga. Mama muuzaji akaniuliza, "Madame, unanunua ao unaangalia tu?" Nikaondoka bila kumjibu, na wanaonijua wanajua hiyo si tabia yangu, maana mimi mtu akinichokoza mara moja namrudishia mara mbili.

Harufu ya gudroni ni ya baba yangu. Gudroni ikikushika mkononi haitoki kwa maji, inatoka kwa mafuta ya taa, halafu harufu zote mbili zinabaki. Hata Ijumaa, amekoga, amevaa kanzu yake nyeupe, alikuwa anakwenda msikitini ananuka mtumbwi. Mama alikuwa anamwambia, "Malaika watafikiri iko pirogi imekuja kusali." Naye anacheka, anakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na sehemu mbili, fupi kisha ndefu, kwa sababu ya moshi ule ule wa gudroni.

Ninyi wa umri wangu sina haja ya kuwaeleza miaka ile. Mulikula sombe ya majani ya muhogo bila chumvi kama mimi. Munakumbuka garimoshi lilivyonyamaza, mchele wa Kibombo ukawa hadithi, na mji wetu wa Kindu ukafungwa pande zote: wenye bunduki ndani, wenye bunduki wengine nje, na sisi katikati tunatafuta muhogo. Kilichobaki ni mto. Baba alikuwa na mtumbwi mrefu wa mti mmoja, akishuka nao mpaka Lokandu, akirudi na mpunga na samaki wakavu. Lakini mto nao ulikuwa na watu vichakani, ng'ambo hii na ng'ambo ile, na walikuwa wakipiga chochote kinachoelea.

Ndipo Baba alipokumbuka meli za babu. Babu alikuwa askari wakati wa Wabelgiji. Katika vita vile vikubwa vya wazungu walimchukua na wenzake, wakawavusha nchi hadi nchi mpaka Misri, na huko bandarini akaona meli zimepakwa mistari myeusi na myeupe, mingine imelala, mingine imesimama, mingine imevunjika katikati, kama kitenge kilichoshonwa na fundi mlevi. Upande wa nyuma wa meli wamechora mapovu, yale mapovu yanayotoka mbele chombo kinapokata maji. Babu alirudi Maniema na nishani moja, jino moja pungufu, na hadithi hiyo. Watu walimcheka mpaka akafa. Baba peke yake ndiye aliyeiweka.

Akapata kopo la rangi nyeupe kwa rafiki yake wa karakana ya reli. Nyeusi ilikuwa gudroni yake mwenyewe. Akaupindua mtumbwi uani, akaanza kuchora, nami nimechuchumaa pembeni namshikia kopo. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa hii njo nini? Unaenda kutafuta mupunga ao unaenda kucheza ngoma?"

"Yule wa kichakani hapigi pahali mutumbwi iko," Baba alisema. "Anapiga pahali anafikiri itafika. Asipojua pua iko upande gani, atapiga maji."

"Na akipata?"

"Akipata, amepata. Lakini tumusumbue kidogo kwanza."

Mama akasonya, akaingia ndani. Kusonya kwa Mama kulikuwa na aina zake, na hii ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Nyuma ya mtumbwi Baba alichora pua ya uongo, na mapovu yake. Ilikuwa nzuri kuliko pua ya kweli. Kisha akaja kwenye pua ya kweli, chini karibu na maji, akabandika kiganja chake cha kushoto kwenye mti mtupu, akatanua vidole. "Mama Mudogo," akaniita, ndivyo alivyokuwa ananiita kwa kuwa nina jina la mama yake, "chukua kijiti, uzungushe."

Nikazungusha gudroni kwenye mkono wa baba yangu, kidole kwa kidole, ulimi nje. Alipoutoa, ukabaki mkono wa mti mtupu katikati ya weusi. Vinyweleo vyake viwili vilibaki vimenasa pale.

"Adui ataangalia mistari," akaniambia. "Watu wa kwetu watatafuta mukono. Ukiuona mukono, ujue hapa njo pua, na ujue njo miye narudi."

Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa anasikia anachotaka. Baba alisema mistari inamchanganya adui. Mimi nilisikia mistari inaficha. Asubuhi aliyoondoka kulikuwa na ukungu, nikamsindikiza na Mama mpaka ufukweni, akapiga kafi mara nne, mara tano, nikapepesa macho, hakuwepo. Nikasema moyoni, kweli dawa hii ni kali. Niliona fahari. Wenzangu walikuwa wanalia baba zao wakisafiri, mimi nilikuwa namwonea huruma adui.

Siku zilizofuata wenye bunduki wa ndani wakaanza kuingia manyumbani mtaani kwetu, Mikelenge. Walichukua mbuzi, wakaja kuchukua magodoro, wakaja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Mama kila asubuhi alikuwa akitoka na kundi la wanawake kuchimba muhogo kwenye mashamba ya karibu yaliyoachwa. Mimi nilibaki, kwa sababu njiani waliwachukua hata watoto. Nilikuwa mtoto pekee. Kabla ya kutoka alinishika kidevu.

"Usifungulie muntu. Usiitike. Ata akiita jina yako, weye hauko. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Basi nikawa siko. Kuanzia jua linapotoka mpaka linapoanza kushuka, siko. Nilikuwa napiga hadithi na sufuria. Nilihesabu mianzi ya dari, nikaipa majina, nikagombana nayo. Sijui kama mumewahi kuogopa sauti ya kijiko chenu wenyewe kikianguka. Upweke ule haujanitoka mpaka leo. Nikiwa peke yangu natembea kwa vidole vya miguu, wanafunzi wangu wanasema madame anatembea kama mwizi.

Siku ya tano nikapata akili. Kama mistari inaficha mtumbwi, kwa nini isifiche nyumba?

Gudroni sikuwa nayo. Lakini nilijua jinsi mwalimu wetu alivyokuwa akiweusha ubao: unavunja mawe ya redio yaliyokufa, yaani betri, unatoa unga mweusi wa ndani, unautwanga na majani ya viazi vitamu. Mawe ya redio yaliyokufa yalikuwa mengi kuliko chakula. Nikatwanga, nikajaza kopo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imepakwa pembe, ule udongo mweupe wa Idi, kwa hiyo nyeupe ilikuwa tayari. Nikachungulia mtaa, mtupu. Nikatoka, nikachora upande mzima wa mbele mpaka mkono wangu ulipofika, mistari imelala, mistari imevunjika, na kwenye kona ya kushoto nikachora mlango wa uongo. Nikarudi ndani, nikajifungia, nikakaa nikisubiri kutoonekana.

Mama alirudi na furushi la muhogo kichwani. Nilimsikia akisimama. Furushi likaanguka.

"Ee Mungu wangu! Weye mutoto!"

"Nimeficha nyumba, Mama."

"Umeificha? Mutaa muzima inaitazama!" Akanivuta ndani kwa sikio. "Unataka waulize tunaficha nani humu? Eh? Tukipata pembe tunafuta hii yote." Halafu akakaa chini ghafla, akanishika, na sikuelewa kama anacheka au analia, kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika bila sauti. Pembe ilikuwa inachimbwa nje ya mji, na huko siku zile hakuendeki. Mistari ikabaki.

Kesho yake asubuhi aliponipa uji, niliona kiganja chake cha kulia ni cheusi, cheusi mpaka kwenye kidole chake kidogo kilichopinda, kile kilichovunjwa na mchi akiwa msichana. Na kopo langu lilikuwa limesogezwa. Nikajua kwamba alijaribu kufuta kwa mkono, ikamshinda. Niliona haya, nikanywa uji nimeinamia bakuli.

Siku hiyo hiyo walikuja. Nilikuwa chini ya kitanda. Waliingia kwa jirani, nikasikia mlango wake unang'olewa. Kisha viatu vikaja kwetu, vikasimama. Mmoja akacheka. "Hapa kuko muwazimu," akasema, na viatu vikapita. Hebu niambieni, mtoto gani angebaki na shaka baada ya hapo? Nilijiona mimi ndiye ninayelinda nyumba, na Baba akirudi nitamsimulia.

Siku iliyofuata mvua ilianza mapema. Mama yuko shambani. Nikasikia mtu mmoja anakuja peke yake, bila haraka, kandambili zinapiga matope. Akafika mbele ya mlango wetu, akasimama. Akakohoa. Fupi, kisha ndefu.

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Usiitike, ata akiita jina yako. Hakuita. Alisimama muda ambao mtu anaweza kusoma Fatiha na kuimaliza. Nilitaka kusema Baba, neno lilikuwa limejaa mdomoni, na nikaona uso wa Mama akinishika kidevu. Halafu kandambili zikaondoka. Nilipopata nguvu ya kuchungulia kwenye ufa, ilikuwa mvua tu.

Ndipo nilipokumbuka mkono. Nilichora mistari, nilichora mlango wa uongo, nikajisifu, na mkono sikuuweka. Baba alifika mpaka mbele ya nyumba yake, akatafuta alama ya watu wa kwetu, hakuiona, akaona ukuta usiokuwepo. Nilimficha nyumba yake mwenyewe, naye akaenda.

Nililia mpaka nikatapika uji wa asubuhi. Nilitaka kutoka nikabandike mkono wangu, lakini unga ulikuwa umekwisha. Kopo lilikuwa limekombwa. Mama aliporudi, akaniuliza macho yana nini. Nikasema moshi. Ningemwambia nini? Kwamba mume wake alikuja na mimi nikamfukuza kwa rangi? Niliweka jambo hilo tumboni siku hiyo, na sikumtolea Mama hata neno lake moja mpaka nilipomzika.

Pembe ilipatikana wiki mbili baadaye, na siku zote hizo sikuthubutu kuuinulia macho ukuta ule. Tukapaka kama desturi: mtoto anapaka chini mpaka kimo chake, mwenye nyumba anapaka juu. Mama alipindua kinu, akapanda, akapaka juu ya mlango mwenyewe. Akapigilia kipande cha bati pale juu, msumari mmoja tu, kinaning'inia. "Ya kuzuia mvua," alisema. Mvua gani, na upenu upo? Lakini sikuuliza. Tangu kile kikohozi nilikuwa siulizi kitu.

Vita vikaisha, au walisema vimeisha. Chumvi ikarudi. Garimoshi likapiga honi, watu wakakimbia kulitazama wakilia. Baba hakurudi. Mtu mmoja wa Lokandu alituambia aliuona mtumbwi wa mistari ukishuka. Mwingine akaapa aliuona ukipanda. Mama aliwasikiliza wote wawili, akawapa maji ya kunywa. Hakuolewa tena, na hakuvaa nguo za eda. Majirani walimsema. Mimi nilidhani Mama hajui kwamba Baba amekufa. Kumbe labda hata mimi sikujua, kwa sababu kwangu mimi Baba hakuwa amekufa. Alikuwa amepotezewa nyumba. Nilipokuwa msichana, nikipita soko la Kasuku na mtu mzima akakohoa, niligeuka na kidogo nimwambie, ni ile pale, ni ile ya tatu kutoka kisimani.

Kila Idi tulipaka. Nikiwa na miaka kumi na saba nilikuwa nimempita Mama kwa kichwa kizima. Nikamwambia, "Mama, shuka, nipande miye. Utaanguka."

"Hapana. Juu ni yangu."

"Kwa nini?"

"Weye unapaka kama muntu anayelisha kuku. Baki kule chini."

Nikabaki kule chini, nimekasirika. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nimeshakuwa mwalimu wa kuchora, nafundisha watoto wa watu kupaka rangi, na mama yangu ananikataza upana wa mlango! Akipanda kwenye kinu chake magoti yanatetemeka, anasukuma bati pembeni, anapaka taratibu, analirudisha.

Mistari ilinifuata. Nilianza kuokota mbao za boti zilizovunjika ufukweni, nikazipaka nyeusi na nyeupe, nikazitundika darasani, baadaye watu wakaziomba. Siku moja mgeni aliyekuja kutoka Bukavu kufundisha walimu akazitazama sana, akatoa simu yake, akanionyesha picha. Zilikuwa meli. Meli za babu, mapovu ya uongo na kila kitu. Nilishika kiti. Akanieleza kwamba hazikufichwa, zilionekana vizuri kabisa, ila mtazamaji hakujua zinaelekea wapi. "Meli kubwa hivi utaificha wapi, madame?" akaniuliza akicheka. Maneno ya Baba yale yale, na mimi miaka yote nimeyashika kichwa chini miguu juu.

Munafikiri nilipona? Kichwa kilielewa, tumbo halikuelewa. Mgeni akaniuliza pia kwa nini mbao zangu hazina pahali pa kupumzisha jicho. Nikamjibu njo staili. Ukweli ni kwamba palikuwa pahali pa mkono, na mimi mkono sikuwahi kuuweka. Nilijiambia sina haki.

Mama alituacha mwanzo wa mvua za mwaka huu. Niseme aliniacha, maana "sisi" imebaki mimi. Arobaini ilipopita, nikaona ukuta wa mbele umepasuka, na sikuwa na moyo wa kupaka pembe peke yangu, chini na juu. Nikamwita fundi aweke simenti. Mtu mpole, hana maneno mengi. Alikuwa anakwangua ukuta, mimi niko uani, niliposikia bati linaanguka.

"Madame, kuja uone. Huku juu kuko shimo."

"Shimo la panya?"

"Hapana. Kuja uone."

Nikapindua kinu, nikapanda. Juu ya mlango, pale ambapo mtu mrefu kama Baba anatazama kabla ya kuinama kuingia, ukuta ulikuwa umeingia ndani kama kipande cha kidole. Halikuwa shimo. Pembe ya Idi zaidi ya ishirini ilikuwa imepakwa kuzunguka pahali pamoja, mwaka juu ya mwaka, bila kupagusa, mpaka pakabaki chini. Na ndani yake, kwenye weupe wa zamani, kulikuwa na kiganja. Cheusi, cha mawe ya redio. Mkono wa kulia. Kidole kidogo kimepinda.

Kwanza nilicheka. Fundi alinishika mguu akifikiri naanguka. Kunifokea kote kule, kunivuta sikio, halafu mimi nimelala yeye akachukua kopo langu, akapanda, akamalizia kazi yangu. Alijua nilichosahau. Na hakusema, kwa sababu angesema, ningejua kwamba naye anaogopa. Tulimngoja wawili katika nyumba moja, kila mmoja kivyake, yeye juu, mimi chini.

Halafu nikahesabu siku, na kicheko kikakatika. Kiganja chake kilikuwa cheusi asubuhi ile ya uji. Kikohozi kilikuja kesho yake. Basi siku ya kikohozi mkono ulikuwepo. Nyumba ilikuwa na alama. Baba angefika, angetazama juu kama kawaida yake, angeuona, angeingia. Yule wa kandambili alikuwa mtu mwingine, mpita njia anayengoja mvua ipungue.

Sikumfukuza. Ndiyo, nilipaswa kufurahi. Lakini sikilizeni: miaka yote hii, katika kosa langu, baba yangu alikuwa amefika. Alitoka salama mtoni, akapita mtaani kwetu, akasimama hatua mbili kutoka kwangu, akakohoa. Kosa lilikuwa chungu, lakini lilikuwa na baba ndani yake. Pale juu ya kinu likanitoka, na yeye akatoka nalo. Nililia kilio ambacho nilikuwa nimekidai tangu miaka tisa, mbele ya fundi wa watu, bila haya.

Nikabandika kiganja changu. Kiliingia chote, isipokuwa kidole kidogo, changu kimenyooka.

Fundi alingoja. Alipoona nimepangusa uso, akachota simenti yake, akaniuliza kwa upole, "Madame, nipitishe hapa pia?"

Nikashuka, nikamwachia kinu.

"Hapana," nikamwambia. "Hapo unazunguka."